Siku Mshale wa Oili Ulipolala

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, umeegemea ukuta wa kinyozi, na upande wake wa kushoto unagusana na kibanda changu cha kushona viatu. Mama Birika huweka jiko lake mbele yetu asubuhi na mapema, akamimina kahawa mpaka birika liishe, kisha akaondoka bila kuaga mtu. Wenye benchi ni wanne. Kuna Kinyozi, ambaye akikosa kichwa cha kunyoa hutafuta cha kujaza maneno. Kuna Antena, fundi redio, anayeamini kila kitu duniani kina mawimbi, hata ugali. Kuna Hakimu, ambaye hajahukumu mtu maisha yake yote. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, akastaafu na sauti ya kukata kesi. Na mimi, wanayeniita Soli. Ng'ambo ya barabara kuna uwanja wa mafundi wa magari, na humo yuko mwanamke mmoja fundi wa umeme wa magari. Miaka saba tumekaa tukimtazama akifanya kazi, kama watu wanaotazama mpira, tukijua kila anapokosea na hatujawahi kushika spana.

Jumamosi ile aliingia Shemeji na veni yake. Shemeji ni mume wa dada mkubwa wa Hakimu, na kwa kuwa Hakimu humwita hivyo, mtaa mzima umemfanya shemeji yake. Veni ni kuukuu. Mlango wa pembeni unafunguliwa kwa waya, na kiti cha dereva kina mto wa sebuleni. Lakini tangu mwaka jana veni hiyo ina kazi moja kubwa: kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa inampeleka Dada hospitali ya mji wa pili akasafishwe damu, maana figo zake zimechoka. Inachukua na wagonjwa wenzake wawili wasio na usafiri.

— Anafungiwa nini leo? akauliza Kinyozi.

— Geji mbili, vipimo vya mshale, nikamwambia. Moja ya presha ya oili, moja ya joto la maji.

— Kwani haikuja na zake?

— Ya joto iliganda katikati tangu mwaka juzi. Ya oili haikuwepo. Kilikuwepo kitaa chekundu cha kuonya tu.

— Kitaa kinatosha, akasema Hakimu. Debe tupu haliachi kuvuma. Injini ikikosa oili itapiga kelele yenyewe.

— Ikishapiga kelele si imekufa? akasema Antena.

— Ndiyo utajua sasa kwamba imekosa oili.

Mama Birika alimtazama Hakimu, akatikisa kichwa, akamwongezea kahawa.

Ng'ambo, fundi alikuwa ameingiza kichwa na mabega ndani ya injini. Alifungua swichi ndogo ya zamani ya oili ubavuni mwa injini, akaweka kiungo cha shaba chenye matawi mawili. Tawi moja akarudishia ile swichi, la pili akafunga kidude kipya cha kusoma presha. Kisha akaenda kwenye dashibodi, akachomoa kile kitaa chekundu, akakiinua juani na kumwonyesha Shemeji.

— Hiki kimeungua, tukamsikia akisema. Kimeungua siku nyingi.

— Mimi nilidhani hakiwaki kwa sababu hakuna tatizo, akajibu Shemeji.

— Hakiwaki kwa sababu hakiwezi. Cha gari hili sina leo, nitakutafutia.

Shemeji alicheka, lakini alikishika kile kitaa kiganjani muda mrefu. Miaka yote ile alikuwa akimshukuru Mungu kwa taa iliyokufa.

Fundi akakata mpira wa juu wa rejeta, akachomeka katikati yake kipande cha bomba la chuma chenye kidude cha joto, akakaza klipu mbili. Akatoboa ukuta wa bati ulio kati ya injini na dereva ili apitishe nyaya, na tundu lile akalivisha kibanio cha mpira, bati lisije likakata nyaya. Hapo alivuka barabara akaja kwangu.

— Shikamoo, kaka. Nisaidie sindano yako nene, nitoboe mpira.

Nikampa. Akarudi. Dakika kumi baadaye akairudisha, ameifuta safi.

Alipowasha gari, mshale wa oili ukapanda vizuri ukasimama. Wa joto ukabaki umelala, hata baada ya injini kupata moto.

— Hilo nalo, akasema Hakimu. Hata gari lenyewe limekataa kupimwa.

— Amekosea waya, akasema Kinyozi, ambaye jana yake alikuwa amemwomba mtu amwekee balbu dukani.

— Ni mawimbi, akasema Antena. Kidude kiko ndani ya maji. Mawimbi hayaogelei.

Fundi hakuwa na haja nasi. Alilitazama lile bomba la chuma kidogo, akaligusa kwa kidole, akachukua waya mweusi, ncha moja akaifunga kwenye bomba na nyingine kwenye bodi ya gari. Mshale ukapanda taratibu kama mtu anayeamka usingizini. Bomba lilikuwa limeshikwa na mpira pande zote mbili, umeme ulikuwa hauna pa kurudia.

— Asiyejua maana haambiwi maana, akasema Kinyozi, na hakuna aliyejua anamsema nani.

Fundi alimwambia Shemeji neno moja la mwisho: oili yako imekuwa nyeusi kama lami, ibadilishe kabla ya safari ya Jumatatu. Shemeji akasema hiyo kazi anaiweza mwenyewe. Akaondoka, na sisi tukabaki na Hakimu amenuna.

— Wewe una nini? nikamuuliza. Gari la dada yako limepata macho.

Akazungusha kikombe.

— Soli, dada yangu alikuwa mzima. Anapika, anafua, anapanda ngazi. Siku moja akaenda kupimwa presha tu, kwa kujifurahisha, pale walipoweka meza ya kupima bure. Toka siku ile hajapona. Mtu akianza kupima, haishi kupata ugonjwa.

— Ugonjwa ulikuwepo, akasema Mama Birika kwa upole.

— Ulikuwepo, ndiyo. Lakini ulikuwa haujatuambia.

Kinyozi peke yake ndiye aliyejaribu kumjibu.

— Kipya kinyemi, akasema. Ingawa kidonda.

Akaona haikukaa sawa, akarudi dukani kwake.

Jumapili ilipita. Jumatatu veni haikuonekana kurudi saa ya kawaida, na Hakimu alikunywa vikombe vitano akitazama kona. Ilirudi jioni, ikapita moja kwa moja kwenda nyumbani. Jumanne asubuhi Shemeji akaja kwa miguu, akaketi katikati ya benchi, akamwambia Mama Birika amimine kwa wote.

— Kuna nini? akauliza Hakimu. Dada yuko salama?

— Yuko salama. Amelala vizuri. Nimekuja kuwaeleza, maana ungesikia kwa mtu mwingine ungenilaumu, na ungekuwa na haki.

Akaeleza. Jumapili alibadilisha oili uani kwake, akaweka na filta mpya. Jumatatu wakaondoka kukiwa kumeshapambazuka, Dada mbele, wenzake wawili nyuma. Walipofika kile kilima kirefu kabla ya daraja, Dada akamgusa mkono.

— Akaniambia, Mume wangu, mshale umelala. Nikamuuliza, upi? Akasema, wa oili, ulikuwa umesimama, sasa umelala.

— Na wewe hukuuona? akauliza Antena.

— Mimi nilikuwa natazama lori lililo mbele yangu. Gari lilikuwa linavuta vizuri tu. Hakuna kelele, hakuna moshi. Ningekuwa peke yangu ningesema geji ya Kichina hiyo, nikaendelea.

— Ukafanya nini?

— Nikazima palepale. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka kuweka mawe chini ya magurudumu. Nikatazama tulikotoka. Oili imechora barabara mstari mweusi kama mtu aliyepiga rula.

Hakimu aliweka kikombe chini.

— Dada yako akaniambia nimpigie fundi. Nikampigia. Akasema, usiwashe, chungulia kwenye filta. Nikachungulia, inavuja kama bomba. Akaniuliza, ulibadilisha lini? Nikasema jana. Akauliza, ulipotoa filta ya zamani, ule mpira wake wa duara ulitoka nayo?

Shemeji akajifuta uso kwa kiganja.

— Sikuwa nimeutazama. Ulikuwa umenata kwenye injini. Nikaweka filta mpya na mpira wake juu ya ule wa zamani. Miwili, mmoja juu ya mwingine. Ulivyopata moto na presha ya kilima, ule wa zamani ukachomoka ukatoka nje kama ulimi. Kosa ni langu, shemeji. Si la mtu mwingine.

Hakimu alimpa ishara aendelee.

— Fundi akanielekeza kwa simu, hatua kwa hatua. Fungua filta, bandua mpira wa zamani, pafute pakauke, rudisha filta na mpira mmoja. Nilikuwa na nusu galoni ya oili iliyobaki Jumapili. Haikutosha. Dereva mmoja wa lori la mchanga akasimama, akatoa galoni yake nzima, hata jina hakuniachia. Nikamimina. Fundi akasema, washa, lakini mkeo atazame mshale, na usipopanda kwa hesabu ya kumi, zima. Dada yako akahesabu kwa sauti, na wale wawili nyuma wakahesabu naye. Tulipofika nne, ukapanda.

— Nne, akarudia Kinyozi.

— Tulichelewa, ndiyo maana tukarudi jioni, lakini tulifika. Muuguzi alikuwa amemshikia kitanda. Asingekipata jana, maji yangebaki mwilini mpaka kesho, na juzi alikuwa ameshaanza kuvimba miguu, unajua mwenyewe. Na injini ingeshika ikafa pale kilimani, ningewapeleka na nini Jumatano? Na Ijumaa?

Tukanywa kahawa yetu. Hata Kinyozi alishukuru kwa kunywa polepole. Lakini benchi letu halijui kukaa na jambo likabaki kama lilivyo.

— Ninachotaka kujua mimi, akasema Antena, ni nani aliyeuambia mshale. Injini inavuta, hakuna kelele, lakini mshale umeshajua. Hayo ni mawimbi. Chuma kikiingiwa na hofu kinatoa mawimbi, kile kidude kikayanasa.

— Chuma hakina hofu, akasema Kinyozi. Ni damu. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Oili ndiyo damu ya gari. Ndiyo maana maji wakayapa geji ya joto, na oili wakaipa ya presha, kwa heshima.

— Hawakusema kwa ajili hiyo, akasema Antena.

— Sikiliza kwanza. Dada damu yake inasafishwa mara tatu kwa wiki. Inatoka, inazunguka kwenye mashine, inarudi. Damu iliyotembea namna hiyo inajua mambo. Amekaa kiti cha mbele karibu na ile geji miezi mingapi?

— Geji ilikuwa na siku mbili, akasema Shemeji.

— Basi siku mbili zilitosha. Zimezoeana. Presha ya gari ikishuka, yeye anaisikia mwilini.

— Kwa hiyo Dada akila chumvi, akauliza Antena, gari litachemka?

— Usifanye mzaha. Mimi nisingempa chumvi safari ndefu.

— Oili ilimwagika, akasema Mama Birika. Ilipokwisha hakukuwa na cha kusukuma mshale. Birika langu likianguka, mtaona kahawa imepungua vikombeni. Mtatafuta mawimbi?

Walimheshimu kwa muda wa funda moja. Kisha Kinyozi akaleta hoja nyingine.

— Haya, tuache mshale. Wa kushukuriwa ni nani?

— Mungu, akasema Shemeji.

— Mungu ndiyo, huyo hana mpinzani. Namba mbili ni nani? Mimi nilikunyoa Jumapili asubuhi, nikakumwagia maji ya baridi kichwani. Mtu mwenye kichwa cha moto asingezima gari, angebishana na mkewe. Sijidai, nasema tu.

— Na mimi, akasema Antena, ile simu yako nani aliibadilisha kipaza sauti mwezi uliopita? Ungemsikia fundi?

Nikaona na mimi nisiachwe nyuma.

— Ule mpira wa kupitishia nyaya ulitobolewa na sindano yangu, nikasema. Kama si sindano, hakuna nyaya. Kama hakuna nyaya, hakuna mshale.

— Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, akasema Kinyozi, akinipa haki yangu.

— Na dereva wa mchanga? akauliza Mama Birika.

— Huyo ni mpita njia, akajibu Kinyozi.

Hivi ndivyo tulivyo. Hakimu pekee hakuomba fungu. Alikuwa ameinama, viwiko magotini, anatazama ardhi. Nikamuuliza kama haumwi.

— Nilisema injini itapiga kelele yenyewe, akajibu.

— Ulisema.

— Haikupiga.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo Dada alipotokea konani. Sijawahi kumwona akija benchini. Ni mwanamke mrefu, na siku hizi anatembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa, hatua fupi, macho mbele. Mkono wa kushoto, ule wanaomchoma sindano, ameufunika kwa mtandio. Sote tuliinuka. Kinyozi alifuta ubao kwa taulo lake la kazi.

— Shikamoo, Dada.

— Marahaba. Kaeni, kaeni. Mmenifanya bibi harusi.

Hakimu alimshika mkono wa kulia mpaka alipoketi, na hakuuachia.

— Nimesikia yote, akasema. Umewezaje, Dada? Dereva mwenyewe hakuona.

— Kwani ni kazi ngumu? Pale hospitali ile mashine ina namba za presha yangu. Siku za kwanza nilikuwa nafumba macho, sitaki kuziona. Muuguzi akaniweka kitako akaniambia: mama, zitazame. Ukiona zimeshuka ghafla, usisubiri kujisikia vibaya, ita mtu. Ukisubiri kujisikia vibaya, nitakuta umezimia. Toka hapo nimezizoea. Nikikaa mbele ya kitu chenye namba, natazama tu.

— Huogopi?

— Naogopa. Lakini ninavyoona, mdogo wangu, kile kisichonionyesha kitu ndicho kinachonitisha zaidi. Wale watu wa meza ya kupima bure, wewe unawalaumu mpaka leo. Mimi nawaombea dua. Daktari aliniambia ningekaa miezi miwili zaidi bila kujua, asingekuwa na la kunifanyia.

Hakimu akamgeukia.

— Hukuniambia hivyo.

— Hukuniuliza. Ulikuja na hukumu yako imeshaandikwa.

Shemeji alicheka, na Hakimu mwenyewe akacheka kidogo, akajipangusa jicho kwa mgongo wa mkono kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Mama Birika alikuwa ameshachukua kikombe kisafi.

— Nikumiminie, Dada?

— Ahsante, mama. Kinywaji changu cha siku nimepimiwa na daktari, na cha leo nimekiweka kwa chai ya mchana. Nimekuja kwa jambo lingine. Nimiminie kikombe kimoja nimpelekee fundi pale ng'ambo. Jana nilimshukuru kwa simu, lakini shukrani ya simu si shukrani.

— Vizuri kabisa, akasema Kinyozi. Sisi tulikuwa tunalijadili hilohilo.

— Mama Birika, fanya hivyo, akasema Dada. Kisha akatugeukia. Yeye anakunywa na sukari, au bila?

Antena alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Mama Birika, ambaye alikuwa ameshika kijiko hewani, anasubiri.

— Mimi sijawahi kumuuzia, akasema Mama Birika taratibu. Hajawahi kuja.

— Miaka mingapi yuko pale?

— Saba, nikasema.

— Na hamjawahi kumwita?

Barabara ile ina hatua kumi na mbili. Nimeihesabu baadaye. Tulijua mkono anaotumia kushika spana, tulijua wimbo anaoimba waya ukimkataa, tulijua anavyovua viatu kabla ya kuingia kwenye gari la mteja ili asichafue zulia. Kibandani kwangu amewahi kuniamkia. Lakini swali la Dada lilikaa pale kwenye ubao kati yetu.

Hakimu akainuka.

— Mimina viwili, akamwambia Mama Birika. Kimoja na sukari, kimoja bila.

Mama Birika akainamisha birika mpaka likaisha. Kikombe cha pili kilijaa robo tatu tu, akaomba radhi. Hakimu akavichukua, kimoja kila mkono. Dada alitaka kuinuka aende naye, Hakimu akamwambia, wewe kaa, Dada, hili ni langu, wewe utakuja na lako. Akasubiri pikipiki ipite, akavuka.

Fundi alikuwa chini ya lori, ikionekana miguu tu. Hakimu, ambaye haketi benchini bila kwanza kutandika gazeti, alichuchumaa, kisha akaona haitoshi, akapiga magoti kwenye oili na vumbi, suruali yake ya kunyooshwa na yote. Alisema maneno. Yalikuwa mengi kidogo, na aliyasema ameinamisha kichwa. Hatukuyasikia. Tuliona miguu ikiacha kutikisika. Kisha mkono mweusi wa grisi ukatoka, fundi mwenyewe akafuata, akaketi kwenye kivuli cha tairi, akajifuta kiganja kwenye magoti, akapokea kikombe kimoja. Hakimu akabaki na kingine, naye akaketi chini.

Walikunywa. Fundi alisema kitu, Hakimu akacheka.

— Amechukua cha sukari, akasema Kinyozi.

— Cha bila, akasema Antena. Angalia alivyokunja uso.

— Ule si uso wa kukunja, ni jua. Mimi nafanya kazi na nyuso.

— Soli, wewe umeona kipi?

Nilikuwa sijaona. Dada alikuwa ameshainuka, ameegemea bega la mumewe, mtandio umetulia mkononi. Alitutazama mmoja mmoja.

— Si mwende mkamuulize, akasema.

Nikaweka kiatu cha watu chini. Tukavuka.